Simu Mbili Mezani

Mpokea simu wetu pale Bugolobi ana simu mbili mezani na sauti mbili. Kampuni mbili zinamtumia kwa pamoja. Kwa simu ya kliniki huongea taratibu, kama anayebembeleza mtoto. Kwa ile ya bodaboda huongea upesi, kalamu ikigonga meza. Chai ninayompelekea huifunika kwa kisosi na kuisahau. Bosi alishamwonya kwamba akichanganya kazi hizo atafukuzwa.

Siku ya Jumanne, mama mmoja wa Mengo aliyeshikwa na uchungu alipiga simu ya kliniki. Gari la kliniki, lenye mkunga ndani, lilikuwa limekwama kwenye foleni Kibuye. Mpokea simu wetu akainua ile simu ya pili, akampigia dereva mmoja wa bodaboda.

"Okidi, mtoe mkunga kwenye gari la wagonjwa hapo Kibuye, umkimbize Mengo."

"Nyabo, dada yangu, huyo ni mteja wetu?"

"Leo ni wetu sote."

Bosi akaja kusimama nyuma yake. "Unajua ulichofanya?"

"Najua, ssebo, bwana mkubwa. Ngoja kwanza."

Tukangoja. Kisha mtoto akalia ndani ya simu ya kliniki, naye akaigeuza ili tusikie. Ofisi nzima ilipiga makofi, na bosi ndiye aliyeanza. Sasa kampuni hizo zimekubaliana kwamba foleni ikizidi, mkunga apande boda. Siku ile mpokea simu wetu alifunua tu chai yake, baridi kabisa, akainywa yote.