Mama mkwe na gari la 260

Leo mama mkwe mtarajiwa kanigombeza kwa sababu naendesha taratibu!

Nilikuwa nampeleka Namtumbo, kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Ndiyo mara yake ya kwanza kupanda gari langu, lile la mbio mnalolijua, spidi yake inasoma mpaka 260.

Nami tangu tulipotoka mtaani Mfaranyaki nakwenda hamsini. Adabu tupu! Mikono yote miwili kwenye usukani, kama niko kwenye mtihani wa leseni.

Tukakuta lori la tumbaku. Nikatulia nyuma yake tukila moshi.

Mama akaacha kusali, akarudisha rozari kwenye mkoba.

"Baba, hiyo 260 umeibandika mwenyewe?"

"Mama, niliogopa utaniona mhuni."

"Nitakuona mhuni nikichelewa kanisani. Pita!"

Barabara ikanyooka, mbele kweupe. Nikakanyaga. Gari likachomoka, migongo ikaganda kwenye viti, lori likabaki huko nyuma. Kutazama spidi, themanini tu!

Mama anacheka mpaka kilemba kinamvuka. "Yelewi! Rudia!"

Nyie mnaobishana kijiweni gari la nani mshale wake wa spidi unafika mbali, endeleeni. Hiyo 260 sijawahi kuiona, na kwa matuta yetu haya sitaiona. Mimi nipeni gari linaloondoka ukiliambia ondoka.

Tulipofika kanisani akanishika mkono.

"Waambie wazee wako waje nyumbani. Binti yangu amesubiri vya kutosha."

Jamani! Nani ananisindikiza ukweni? Semeni hapo chini!