Kisu cha Mama Godeliva

Mwanangu, iko Jumamosi moja ambayo nimejaribu kuisahau na imekataa. Najua Kiswahili changu unakielewa nusu, na kunijibu unanijibu kwa Kizulu. Haya, sikiliza hivyo hivyo. Umesema unataka nikufundishe ufundi, na mimi sitakufundisha hata kufungua skrubu kabla hujasikia habari hii.

Nilikuwa kijana, nimetoka Burundi na suruali mbili na kiburi cha watu kumi. Nikapanga kibaraza pale Bertrams, mtaa wa wageni wa mji huu, nikaanza kutengeneza vitu vya nyumbani: pasi, feni, birika za umeme, majiko. Vitu vizee vitupu. Watu wetu hawakununua vipya. Walichukua vile vilivyoachwa na waliohama, vizito, vya chuma, na kikiharibika kimoja unatafuta spea mpaka soli ya kiatu inaisha. Kusema kweli kazi yangu haikuwa kutengeneza, ilikuwa kutafuta. Mpira mdogo tu wa mfuniko ungenizungusha mpaka Troyeville, kwa Mreno mmoja mzee mwenye duka la vyuma, mwenye makopo ya skrubu zenye umri kumzidi yeye.

Sisi mafundi tulikuwa na desturi yetu. Mashine iliyokufa, mwenyewe ameitelekeza, tunaichinja: tunatoa viungo vyake tunavitia kwenye nyingine. Hiyo halali. Lakini mashine yenye mwenyewe, iliyoletwa itengenezwe, haichinjwi hata ikikaa mwaka mzima. Hiyo ni amana. Kila fundi aliijua sheria hiyo, na kila fundi aliipinda kidogo. Unatoa kiungo hapa Ijumaa, unakirudisha Jumatatu, mwenyewe hana habari. Tuliita kuazima. Wizi una majina mengi ya adabu, mwanangu. Mimi pia niliazima, na mara nyingi nilirudisha.

Basi kulikuwa na mama mmoja wa kwetu, Mama Godeliva, mjane, anaishi na binti yake ghorofa ya tatu katika jengo karibu na uwanja wa mpira. Alikuwa anauza sombe, majani ya muhogo, Watanzania wanaita kisamvu. Majani yanaletwa kutoka Msumbiji, yeye anayasaga na kuyafunga kwenye mifuko, na Warundi na Wakongo wa mtaa ule wote walikula mkononi mwake. Utauliza kwa nini hakutwanga kwenye kinu kama mama zetu. Ghorofani? Ukitwanga juu, wa chini anadhani mlango wake unavunjwa. Msimamizi wa jengo alikwisha kumwonya mara moja. Ndiyo maana alikuwa na ile mashine ya mkono ya kusagia nyama, unaibana pembeni ya meza na kuzungusha. Majani yalitoka laini na jirani hakusikia kitu.

Aliniletea kwa sababu skrubu ya kuibana mezani ilikatika. Jambo dogo. Alikuwa anakwenda kupanga foleni ya makaratasi ya ukimbizi, hajui atarudi lini. "Mwanangu," akaniambia, "siku hizi hii ndiyo mume wangu. Nitunzie." Akacheka, akaenda zake. Skrubu niliipata kwa Mreno siku hiyo hiyo, nikaifunga, nikaiweka mashine kwenye rafu. Kazi imekwisha.

Siku mbili baadaye akaja dada mmoja wa Kenya, mumewe mtu wa benki, na gari linang'aa. Naye alikuwa na mashine ya namna ile ile, aliikuta kwenye nyumba waliyonunua. Ilikosa kile kisu cha ndani, kichuma chenye mabawa manne, kinaenea kwenye kiganja. Hicho ndicho kinachokata. Bila hicho mashine inaponda tu na kuziba. Alikuwa na shughuli Jumamosi, anataka nyama ya sambusa. "Fundi," akasema, "nimeambiwa wewe hushindwi na kitu."

Neno hilo ndilo lililoniponza. Si pesa, nakuapia. Nilitaka gari lile lisimame tena mlangoni kwangu na majirani waone. Nikamwambia, "Sharp, dada, pitia saa kumi." Nikafungua mashine ya Mama Godeliva, nikatoa kisu, nikakitia kwenye ya yule dada, naye saa kumi akaja akaichukua. Nilijiambia nitapata kingine kabla mama hajarudi; mimi si ndiye bingwa wa kutafuta?

Sikupata. Mreno alinimwagia makopo yake yote juu ya meza, na kila kisu tundu lake lilikuwa dogo mno kwa mashine ile. "Waliotengeneza hiyo walifunga kiwanda kabla hujazaliwa," akasema. Yule dada sikumuuliza hata jina, wala anakoishi, na gari lake sikuliona tena.

Jumamosi Mama Godeliva akarudi. Miguu imevimba kwa foleni, lakini karatasi ameipata, uso umechangamka. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, ilikuwa hapo mbele yangu. Nikasema, "Mama, skrubu tayari. Ila kisu nilikuta kimepasuka, nikakitupa. Nakutafutia kingine." Akafungua mashine, akatia kidole ndani pale kisu kilipokuwa. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Tutatafuta."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu. Kila Jumamosi alikuja kuniuliza kama kuna habari, nami namjibu bado. Alizunguka mwenyewe kwenye maduka ya vyuma, akaenda mpaka Diepsloot, nje kabisa ya mji, alikosikia kuna mtu anauza mashine kuukuu. Na mimi, kwa mdomo huu, nilimwelekeza: shukia kwenye robot, zile taa za barabarani, mama, ingia kushoto, uliza kwenye ile spaza, kile kiduka cha nyumbani. Nilimtuma mwanamke mwenye miguu mibovu akatafute kitu nilichomwibia mimi. Eish. Hata leo nikikumbuka najichukia.

Wateja hawakumngoja. Akarudi kwenye kinu. Alitandika mablanketi chini yake na kutwanga mchana, watu wakiwa kazini, lakini jirani wa chini alikuwa mlinzi wa usiku, mchana ndio analala. Likaja onyo la pili, la tatu, kisha vitu vyake vikatolewa kwenye ngazi. Binti alikuwa mwaka wa mwisho wa shule. Wakahamia kwenye kibanda Diepsloot, shule ikawa mbali, msichana akaishia kufagia saluni. Haya niliyasikia kanisani. Mimi sikwenda hata kumsaidia kubeba godoro.

Kisu kingine cha namna ile nilikipata zaidi ya mwaka baadaye, kwenye sanduku la machuma, wala siku hiyo sikuwa nakitafuta. Nikapanda teksi mpaka Diepsloot. Alikuwa ameketi nje anachambua maharage. Nikakiweka mbele yake, nikamweleza yote, na yule dada, na gari.

Hakushtuka. "Nilijua," akasema. "Kisu changu nilikiosha kila siku. Nilikuletea kizima. Uliposema kimepasuka, nilijua umekitoa."

"Sasa mama, mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekana, na fundi mwingine sikuwa naye. Nilikuwa nakuja kila Jumamosi ili useme mwenyewe. Mke wa mtu wa benki, Mkenya? Wakenya wa mji huu wanajuana. Ungesema wiki ile, ningeuliza makanisa mawili tu, tukaenda wote tukamwomba. Angeturudishia, mwanangu. Alikuwa na shughuli ya siku moja."

Hilo sikuwa nimeliwaza hata mara moja. Nikamuuliza mashine iko wapi. Alikuwa ameiuza kwa wasukuma toroli wa vyuma chakavu siku waliyotolewa, ilikuwa nzito kubeba. Kisha akasema, bila hasira, anaendelea na maharage yake: "Mimi nimekusamehe. Lakini usije tena hapa. Binti yangu hajakusamehe, na anakaribia kurudi kutoka kazini. Ondoka asikukute."

Nikaondoka. Mama Godeliva alikwisha kufariki, Mungu amrehemu. Binti yake sasa ni mama wa watoto, namwona kanisani, ananipita kama benchi.

Mwanangu, utakosa spea, kila fundi anakosa. Utakosea pia. Cha mtu kikiwa mkononi mwako, usikiguse kwa kumfurahisha mwingine, hata aje na gari la namna gani. Na ukikigusa, sema siku hiyo hiyo, uso ukiwaka kwa aibu, sema. Mficha uchi hazai. Mimi nilidhani nimemwibia mama yule kisu tu, kumbe nilimwibia na wiki ile ambayo kingeweza kurudi. Kisu kingine nilikipata. Wiki ile sikuweza kumrudishia.

Mungu akupe mikono mizuri kuliko yangu. Akupe na ulimi mwepesi siku ya kosa lako, na akujalie unayemwambia awe bado karibu, bado ana meza ya kubania mashine yake. Amina.