Mji Ulioungua Mezani

Mume wangu ni kinyozi. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Huyu wangu amejikata, na sina dawa ya kumpaka.

Ujanani alitaka kuwa baharia. Wakampima macho, wakamrudisha nyumbani, akashika wembe. Mwingine angelia siku mbili akasahau. Yeye alichukua mlango wa zamani wa stoo, akaulaza juu ya makreti nyuma ya kiti cha kunyolea, akaupaka rangi milima na bahari, akauita nchi. Nchi yenyewe aliipa jina Tusiko.

Tusiko ni mchezo. Unarusha dadu, unasogeza kizibo chako cha soda kutoka pwani, upande wa bawaba, mpaka ufike makao makuu katikati. Ukitua kwenye tundu la ufunguo, ufalme wako umeanguka, unaanza upya. Wateja walikuja kunyolewa wakabaki kutawala. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na chungu wangu mimi alijiona nahodha.

Sasa sikia jiografia yake. Kila aliyemuudhi alipewa eneo. Mwenye nyumba, kwa kukataa kuziba paa linalovuja, akawa Milima ya Upara, isiyoota hata jani. Kaka yangu, aliyemtania siku ya harusi yetu, akawa Jangwa la Shemeji. Mama yangu mzazi, aliyenibeba tumboni na mgongoni, ni kinamasi. Kizibo kikitua pale unakosa zamu, na wanaume wazima wanapiga makofi, "Mkwe kamkamata! Mkwe kamkamata!" Mimi sikupewa hata kichuguu. Nilipomuuliza, alisema, "Wewe wa nini huko? Wewe si uko hapa?" Nikaenda zangu kufua taulo.

Mahali pamoja tu palipakwa dhahabu, nayo ni makao makuu. Yaliitwa Mji wa Kidoti, jina la utani la binti yetu wa pekee, kwa ile alama yake shavuni. Tangu hapo mtaa mzima ukatuita Mama Kidoti na Baba Kidoti. Mume wangu mwenyewe aliniita hivyo, na nakiri ilinipendeza.

Historia nayo ilikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kucheza, kila mmoja aliweka kiganja mezani akataja jambo moja lililotokea Tusiko: nani alimpindua nani, daraja gani lilivunjwa na jeshi gani. Mshindi ndiye aliyeruhusiwa kuongeza jambo jipya. Lililosemwa kiganja kikiwa mezani halikufutika milele. Fundi saa wa jirani, mtu anayesahau saa za watu kabatini mpaka wenyewe wanahama mji, alikuwa na historia hiyo yote kichwani.

Kisha Kidoti akampenda kinyozi wa ng'ambo ya barabara, kijana mwenye vioo vikubwa na mashine za umeme. Kijana mpole, ana adabu kuliko hao watawala wote. Walipokuja kuposa, mume wangu aliwatimua. Ndoa ikafungiwa nyumbani kwa kaka yangu, huyo huyo Jangwa. Mimi nilikuwepo. Baba mtu alikuwa dukani anarusha dadu.

Kesho yake alichukua rangi nyeusi, akaifunika dhahabu yote, akaweka kiganja mezani. "Mji uliungua," akasema. "Hakupona mtu."

Akatunga na sheria. Kizibo chako kikitua penye weusi ule, wewe ni mfu. Husemeshwi, hujibiwi, hata salamu huitikiwi, mpaka dadu ikutoe. Walivyoipenda sheria hiyo! Siku moja fundi saa alikwama humo mchana kutwa, akaomba maji ya kunywa, wenzake wakatazama dari. Ikabidi aje uani kuyanywa kwangu. Watu wazima wenye ndevu zao!

Mimi nami, tangu mji uungue, nikawa "wee". Wee, taulo. Wee, maji ya moto. Nami kwa makusudi niliendelea kumwita Baba Kidoti, kwa sauti, mbele ya wateja. Hakuitika. Nilimchukia kwa hilo, na sioni haya kusema.

Kidoti alipojifungua, akaniambia atakuja Jumamosi kumwonyesha baba yake mjukuu. "Nitapita mlango wa mbele, mama," alisema. "Mimi si mwizi." Nilimfikishia mume wangu. Jumamosi asubuhi alivaa shati safi, akasimama mbele ya kioo chake akajinyoa ndevu mwenyewe, akajikata kidevuni. Nikajisemea moyoni, damu ni nzito kuliko maji. Kumbe.

Nilikuwa uani nakamua taulo niliposikia sauti ya mwanangu dukani.

"Shikamoo, baba."

Kimya.

"Shikamooni, wazee wangu."

Kimya tena. Kisha nikasikia dadu ikibingirika mezani, na mtoto mchanga akaanza kulia.

Nilipofika mbele, Kidoti keshatoka. Nikamkimbilia mpaka barabarani, mikono inachuruzika maji.

"Mama, kwani mimi nimekufa?" aliniuliza. "Wote wameangalia dari. Hata baba."

"Mwanangu, rudi. Ngoja niseme nao."

"Sirudi. Na huyu hatafundishwa kusalimia watu wasioitika." Akamfunika mtoto uso, akavuka.

Niliingia dukani nikiwa nimefura. Fundi saa alisimama. "Shemeji, haki ya Mungu hatukukusudia. Kaingia, ulimi ukaganda wenyewe. Tumezoea vibaya. Tukamtazama mzee aitikie kwanza, naye..."

"Naye nini?"

Wote wakamgeukia mume wangu. Ile damu ya kidevuni ilikuwa imeshakauka. Midomo ilikuwa inamchezacheza kama ya mtu anayetafuta neno.

"Sema marahaba," nikamwambia. "Neno moja tu, Baba Kidoti. Barabara ile pale. Nenda ukaliseme, yaishe."

Niliona kabisa kwamba alitaka. Lakini akatazama wenzake, akatazama meza, akaweka kiganja. "Mji uliungua," akasema. "Lililosemwa limesemwa."

Basi nikachukua wembe wake, ule mzuri asioruhusu mtu kuugusa, na chupa ya tina ya kutolea rangi. Nikakwangua. Nikaondoa bahari, upara, jangwa, nikamwondoa na mama yangu. Hakuna aliyethubutu kunishika mkono. Nilipofika penye weusi, dhahabu ikachomoza chini yake, inang'aa kama siku ya kwanza. Nayo nikaikwangua, maana sikutaka kumwachia hata hiyo. Mlango ukabaki mlango.

Mume wangu hakupiga kelele. Alisema polepole, "Huyu naye kaungua."

Tangu hapo sikusemeshwa. Nilipika, akala akitazama dari. Niliuliza kama ameona funguo, akapiga miayo. Wateja nao wakapita mbele yangu kama wanapita kwenye uchochoro. Meza haikuwa na rangi hata tone, lakini mji mweusi ulikuwa umehamia nyumbani kwangu.

Nikafunga mzigo wangu: nguo, sufuria zangu, beseni la kumwogeshea mjukuu. Kwa Kidoti ni ng'ambo ya barabara tu, lakini nilifunga kama mtu anayehamia nchi ya mbali. Nikatoka kwa mlango wa mbele, katikati ya wateja.

Nilikuwa nimefika ukingoni mwa barabara niliposikia, "Mama Kidoti!"

Jina hilo halikuwa limetoka kinywani mwake tangu mji uungue. Nikageuka. Alikuwa kizingitini, taulo begani, wembe mkononi, mteja wake nyuma kanyolewa nusu kichwa. Fundi saa alikuwa ameshika mdomo.

"Mama Kidoti, ngoja! Jamani, mke wangu, nakuita!"

Siku zote akiniita nilimwitikia abee, hata nikiwa nimenuna. Abee hiyo ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Tusiko sijawahi kuucheza hata siku moja, lakini sheria zake nazijua zote. Nikatazama juu, nikaimeza abee yangu, nikavuka barabara.