Mwanamke Aliyeitwa Sikitu

Jirani yangu alibatizwa Asteria, katika parokia ya Mapera, huko juu kwenye mashamba ya kahawa. Padre alilitamka jina hilo, akammwagia maji, na kwao hakuna aliyelitumia tena. Nyumbani walimwita Sikitu.

Shuleni jina hilo lilimtesa. Mwalimu akiuliza nani kavunja kioo, darasa zima linajibu, "Si kitu!" na vicheko vinafuata. Siku moja alitoka shule analia, akapitiliza moja kwa moja hadi shambani, ambako mama yake, Gertruda, alikuwa anapalilia mahindi kwenye ngolo, yale mashimo ya mlimani yanayozuia maji yasiondoke na udongo.

"Mama, naomba niitwe Asteria kama nilivyobatizwa."

Gertruda aliangusha jembe. Akamshika mabega.

"Usiseme hivyo tena, umenisikia? Kabla yako nilizaa wengine. Niliwapa majina mazuri, ya watakatifu na ya mababu, na wote nimewazika. Wewe tukakuita Sikitu ili kifo kikipita mlangoni kiambiwe humu si kitu, kiende zake. Mtu akikuita lile jina zuri, usiitikie."

Mtoto aliyepeleka malalamiko ya kuchekwa akarudi na jambo kubwa kuliko umri wake. Tangu siku hiyo, mwalimu alipoita mahudhurio, yeye alinyoosha mkono bila kutoa sauti. Siku ya kipaimara askofu alimpaka mafuta akimtaja Asteria mbele ya kanisa zima. Wenzake walikwenda kula pilau. Yeye aliingia kitandani mchana kweupe, akajifunika blanketi mpaka kichwani, akisikiliza kama kuna hatua nje.

Alikua hivyo, msichana mchapakazi, mpole, asiyependa kusifiwa. Ukimwambia amependeza, anakunja uso.

Cleopa alimkuta sokoni Mbinga. Cleopa ni wa huku kwetu ziwani, na wakati ule alikuwa anapandisha usipa, dagaa wa ziwa letu, kwenda kuwauzia watu wa milimani. Akamuuliza dada aliyekuwa anachagua dagaa kwa makini, "Unaitwa nani?"

"Sikitu."

"Hilo ni jina, au hutaki kuongea na mimi?"

Alicheka, na Cleopa anasema kicheko hicho ndicho kilichomrudisha Mbinga tena na tena. Wakaoana. Sikitu akashuka huku kwetu Kihagara, akajifunza kuanika usipa juu ya vichanja vya matete, na mimi nikapata jirani.

Ila Cleopa hakulipenda lile jina. "Mke wangu nimwambie si kitu mbele za watu? Mimi nitakuita Asteria." Na kweli aliita, tena kwa sauti, akiwa anavuta mtumbwi nchi kavu. Nilikuwepo siku ya kwanza. Sikitu aliacha karai likaanguka, usipa wakamwagika mchangani, akageuka kutazama nyuma yake, kisha kwenye miti, kisha majini. Nilidhani ameona mamba. Baadaye aliponieleza sababu, sikucheka. Hata Cleopa alipoelezwa aliacha, ingawa alinung'unika.

Halafu akazaliwa mtoto wa kike. Mama yake Cleopa, bibi Lidia, alikuwa amezaa wavulana watupu na hao wavulana nao walikuwa wamempa wajukuu wavulana watupu. Alipokipokea kile kitoto alikipakata, akasema, "Huyu ni Tunu."

Sikitu alikuwa bado amelala. Akajiinua kwa kiwiko. "Mama, naomba tumtafutie jingine. Hata Tabu. Hata Shida."

"Shida? Shida gani ameniletea huyu?" Bibi Lidia alikasirika kweli. "Kwenu mlimani mna mambo. Hapa mtoto anaitwa kwa jinsi tulivyompokea."

Jina likapita. Sikitu hakubishana na mkwewe, lakini kinywani mwake halikutoka hata mara moja. Wakiwa wawili tu alimwita Kabaya. Alimpaka masizi kwenye paji la uso, akamvalisha nguo zilizopauka, na mtu akisema mtoto ni mzuri, alijibu haraka, "Mzuri wapi, kamekonda tu." Watu wakaanza kusema mama huyu hampendi mwanawe. Mimi nilikuwa naona jinsi alivyokuwa anainuka kila mara kwenye jamvi tulilokalia kwenda kuweka kiganja mbele ya pua ya mtoto, kuhakikisha pumzi inatoka.

Masika mtoto alipokuwa ameanza kutembea, alichemka kwa homa. Asubuhi alikataa uji, kufikia saa nne macho yalikuwa yanapinduka. Cleopa alikuwa Mbamba Bay. Bibi Lidia akaita bodaboda, wakapanda wote, mtoto katikati, mpaka kituo cha afya.

Bibi ndiye aliyeandikisha. "Tunu Cleopa," alisema dirishani, tena kwa fahari, huku Sikitu akitazama chini. Kisha bibi akatoka nje kutafuta mtandao ampigie mwanawe simu. Sikitu akabaki kwenye benchi, mtoto kifuani, akiwaka kama jiwe la jiko.

Wakati huo mlango wa wodi ukafunguliwa. Wanaume wawili walitoka wamebeba kitu kidogo kilichozungushiwa khanga, na nyuma yao mwanamke aliyeshikwa huku na huku. Hakuwa analia. Alikuwa anarudia jina tu, jina la mtoto wake, kama mtu anayemwita aje kula.

Ni hapo hapo muuguzi alipotokeza na kuita, "Tunu Cleopa!"

Sikitu aliniambia hivi: "Nilihisi kifo kiko pale mlangoni, kimesimama nyuma ya yule dada, bado hakijaondoka. Nikajua nikiitikia, kitajua ni nani. Mdomo ulikataa."

"Tunu Cleopa! Mama yake Tunu yuko wapi?"

Watu wakatazamana. Sikitu alitazama ukuta.

Muuguzi akaita mara nyingine, akasubiri kidogo, akatikisa kichwa. "Basi, Othmar Joakim." Mzee mmoja akajikongoja kuinuka na fimbo yake.

Hapo mtoto akakakamaa. Mgongo ulijikunja nyuma kama upinde, meno yakabana, povu likatoka, na ile mikono midogo ikaanza kurukaruka. Sikitu anasema hakuamua lolote. Alisikia tu sauti inapiga kelele, na ilikuwa yake.

"Tunu! Tunu ni huyu! Ni Tunu wangu, mshikeni!"

Mzee Othmar alirudi nyuma kuwapisha, fimbo ikaanguka. Muuguzi, dada mmoja anaitwa Jacqueline, alimchukua mtoto mikononi mwake akakimbia naye ndani. Wakamchoma sindano, wakamtundikia dripu. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Daktari hakuwaficha. "Tutajitahidi," alisema, "lakini mmemchelewesha." Sikitu alijua dakika alizozipoteza yeye mwenyewe pale kwenye benchi, na hakumwambia mtu.

Mtoto alilala bila fahamu. Mama yake alikaa sakafuni kando ya kitanda, na kila muuguzi alipokuja kupima joto akataja lile jina, alijikunyata kama anayekwepa jiwe.

Gertruda aliteremka kutoka Mapera mara alipopata habari. Alimkuta binti yake sakafuni, hajachana nywele, hajala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, wamemwita jina zuri. Na mimi nimeitikia."

Gertruda alikaa kando yake, akaanza kumchana nywele kwa vidole. Kisha akasema, "Kuna jambo sikukuambia sawasawa. Siku uliyozaliwa sikuwa nimepanga jina lolote. Nilikuwa nalia. Bibi yako aliingia akaniuliza, unalia nini? Nikamjibu, si kitu. Sikutaka kuongea. Yeye alikuwa ameshaanza kuwa kiziwi, akadhani nimetaja jina la mtoto, akatoka nje akatangaza. Ndiyo hivyo tu."

"Na kifo kupita mlangoni?"

"Hayo yalikuja baadaye. Ulipofikisha umri ambao wenzako hawakuufikisha, nikasema labda ni jina. Nikaogopa kulibadili. Ulipokuja shambani unataka Asteria, niliogopa nusura nife mimi."

Sikitu alimtazama mama yake. Alitaka kukasirika, anasema, lakini alichokiona mbele yake ni mwanamke mwenye hofu kama yake, ila ya miaka mingi zaidi.

"Na sasa, mama? Unaogopa bado?"

"Hata sasa hivi," alisema Gertruda, na akatupia jicho mlango wa wodi.

Mtoto alifungua macho siku moja asubuhi, akaomba maji. Walirudi Kihagara wakiwa wamemshika kama yai. Haikuchukua muda tukagundua kwamba ugonjwa umemwachia alama. Sikio moja limekufa kabisa, na la pili linasikia kwa shida.

Sasa Tunu yuko darasa la pili, mtundu, anapenda kucheza pale maji yanapogusa mchanga. Ukimwita kwa upole hasikii. Ukisema Kabaya kwa mnong'ono, ndiyo kabisa. Kwa hiyo kila jioni, ukiwa unakusanya usipa vichanjani, utamsikia jirani yangu amesimama juu ya jiwe, ameweka mikono mdomoni, anaita kwa sauti ya kufika ng'ambo, "Tunu! Tunu weee!" Akishaita, hashuki. Anabaki pale, khanga ameishika kwa ngumi mbili, mpaka amwone mtoto anageuka.