Duka Lisilouliza Unataka Nini

Miaka yote niliyonunua kwa Aling Nening, hakuwahi kuniuliza nataka nini. Nikifika tu kwenye wavu wa kiduka chake, mkono wake ulikuwa umeshapita kidirishani na pakiti yangu ya kahawa na kipande cha sabuni. Nikichelewa kutoa hela ananisema, "Belen, leo unanunua au umekuja kunitazama sura?" Ndivyo alivyokuwa kwa mtaa mzima. Hapa kwetu Bagong Pook mteja wa namna hiyo tunamwita suki, na muuzaji naye ni suki wako, maana mmeshikana nyote wawili. Suki humwachi kwa sababu ya bei. Unamwacha akifa, au akikukosea sana.

Alikuwa mjane; Aling ndivyo tunavyomwita mama mtu mzima, na mwanamume Mang. Marehemu mumewe alipiga ngoma kubwa kwenye bendi yetu ya matarumbeta, na duka walilianza wawili kwa sanduku moja la sigara. Kila kitu aliuza kimoja kimoja: sigara moja, punje ya kitunguu saumu, mafuta ya kukaangia yai moja. Alijua nani kaongezewa dawa ya presha, nani kaacha pombe, na nani kasema tu kaacha. Na alikuwa na kifua. Umbea wa mtaa huu naujua, nimeula na kuupika, lakini sikuwahi kupata hata chembe kutoka nyuma ya wavu ule.

Siri aliyoitunza kuliko zote ilikuwa ya Aling Sepa, mke wa Maestro Ambo. Maestro ndiye kiongozi wetu wa bendi tangu nikiwa na meno ya utoto. Kila sikukuu ya mtakatifu wa mtaa huvaa koti jeupe lenye vifungo vya dhahabu, akatutembeza barabara zote toka asubuhi hadi jua la utosi, na njiani hakuna kukaa wala kwenda chooni. Sasa Maestro alipasuliwa tezi dume, na baada ya hapo mkojo ukawa haumsikii. Kila alasiri Aling Sepa akawa anafika dukani na kusema, "Nipe cha kila siku." Nening anafunga nepi moja ya mtu mzima kwenye gazeti, anaiweka chini kabisa ya kikapu, juu yake anatandaza fungu la majani ya mlonge. Mimi hayo niliyajua baadaye, kama kila mtu.

Halafu akaja Rodel. Alikuwa wakala wa kampuni moja ya jumla, mtu wa makamo, mpole mpaka unamtilia shaka.

"Friji ni bure kabisa, dada," alimwambia Nening. "Wewe kila ukiuza, ingiza tu kwenye simu nani kanunua na kanunua nini. Namba ya mteja inatosha."

"Ya nini sasa? Wateja wangu mimi nawajua."

"Ndiyo maana! Wewe unawajua, kampuni haiwajui. Ikishawajua, kila mtu atapata ofa yake mwenyewe, na pointi za zawadi. Itawahudumia kama unavyowahudumia wewe."

Nening akacheka. "Kumbe mnataka kuwa mimi."

"Hasa, dada. Tunataka kuwa wewe."

Alilipenda neno hilo. Ndilo lililomponza, wala si friji. Namba hakuhitaji kumwomba mtu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akituwekea vocha, na zote alikuwa nazo kichwani.

Mwanzoni tulifurahi, nisiseme uongo. Mang Kulas, fundi viatu, alipata meseji kwamba kahawa yake inakaribia kwisha, na kweli ilikuwa imebaki kijiko. "Mke wangu miaka yote hii hajui kahawa yangu inaisha lini," akatangaza kwenye benchi la duka. "Hii kampuni ingekuwa mwanamke ningeioa."

Mkewe alikuwa nyuma yake. "Oa," akamjibu. "Na ikufulie soksi."

Nening akaona kila mtu anapata pointi isipokuwa Aling Sepa, ambaye hakuwa na simu. Ikamkera. Mteja wake wa kila siku, mwenye mzigo mzito kuliko wote, akose hata sabuni ya zawadi? Namba pekee ya nyumba ile ilikuwa ya Maestro, ambayo Sepa huja kuiwekea vocha. Akaingiza hiyo. Kila alasiri akawa anafunga nepi kwenye gazeti, anaifunika kwa mlonge, anachungulia kushoto na kulia kama kuna anayeona, kisha anashika simu na kuandika. Nampenda Nening, lakini hapo bado napata hasira. Ilikuwa mikono ileile.

Wiki ya sikukuu bendi tulikuwa mazoezini, mimi na klarineti yangu, kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, ule wenye paa la bati. Maestro hawezi kusoma meseji bila miwani, na mbele ya bendi miwani haivai, kwa hiyo simu ikilia humpa yeyote aliye karibu amsomee. Siku hiyo aliyekuwa karibu ni Doming wa ngoma kubwa, mtu asiyejua kunong'ona. Nening naye alikuwepo, katuletea soda za baridi kutoka kwenye friji lake jipya.

"'Mpendwa Ambrosio!'" Doming akasoma kwa sauti ya padri. "'Sikukuu imekaribia. Usikubali mkojo ukukatizie raha. Nepi zako za watu wazima, saizi kubwa, sasa nunua sita upate mbili bure. Zinakusubiri kwa suki wako, Aling Nening.'"

Alimaliza kabla kichwa chake hakijaelewa mdomo umesema nini. Wapiga tarumbeta wa nyuma wakaangua kicheko, wakidhani ni matangazo ya kipuuzi yanayotumwa kwa kila mtu. Halafu mmoja akaitazama suruali ya Maestro, wengine wakafuata macho yake, na kicheko kikakatika. Nilitamani paa lile lituangukie. Maestro akaichukua simu, akaitia mfukoni. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Toka mwanzo," akasema.

Tukapiga wimbo wote wa gwaride hadi mwisho, tena vibaya. Akaiweka fimbo yake ya kuongozea juu ya kiti, akaenda zake, anatembea polepole kama mtu anayejua kwamba anatazamwa kwa nyuma. Soda za Nening hakuna aliyezigusa. Kesho yake Maestro hakuja mazoezini, wala siku iliyofuata.

Nening alimpigia Rodel simu mbele yangu. "Futa," akamwambia. "Futa kila nilichoandika."

"Dada, hata ukifuta kwako, kwenye kampuni kinabaki. Lakini tatizo ni nini? Mbona ofa hiyo wengine wa mtaa wako wameipenda?"

"Wengine akina nani?"

"Ah, hapo siwezi kukwambia. Ni siri ya mteja."

Nening akamtamkia neno ambalo sitaliandika hapa. Jioni hiyo hiyo friji likatolewa nje, likalala barabarani mpaka walipokuja kulichukua.

Asubuhi yake akaniomba nimsindikize kwa Maestro. Aling Sepa alitoka, akasimama nyuma ya geti bila kulifungua.

"Amelala," akasema. Ilikuwa saa nne asubuhi, na ndani tulisikia mtu akikohoa.

"Sepa, mimi nilitaka upate zawadi. Haki ya Mungu, nilitaka tu na wewe upate..."

"Unajua kwa nini nilikuwa nanunua moja moja?"

Nening akababaika. "Si... mambo ya hela?"

"Hela ya pakiti nzima ninayo. Tena supamaketi ya mjini bei yao ni nafuu kuliko yako. Nilikuja kwako kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo sikulazimika kulitaja." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Yeye alidhani ninajua mimi peke yangu, Nening. Sasa hata mimi hanitazami."

Akarudi ndani. Hakutukana, na afadhali angetukana.

"Belen, uso huu nauweka wapi?" Nening akaniuliza njiani. Tangu siku hiyo watu waliendelea kununua kwake, ila kila mmoja alipokea kitu chake huku akisema chini chini, "Usiandike, eh?" Hata watoto waliofuata pipi. Alikuwa anaitikia kwa kichwa tu.

Doming alikwenda kumpigia Maestro magoti, maskini, akalia getini kwa sauti ileile asiyoweza kuipunguza. Hatukujua kama imesaidia. Asubuhi ya sikukuu tulijipanga mbele ya kanisa bila kiongozi, na mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, ndipo lilipotokea koti jeupe. Maestro alikuwa amekonda. Nyuma yake alikuja Aling Sepa na mwavuli, na begani mfuko wa plastiki unaoonyesha, ndani yake pakiti nzima ya nepi, bila gazeti wala mlonge. Hakuna aliyecheka. Nani angethubutu?

Sasa, kila mwaka bendi husimama mbele ya duka la Nening. Tunampigia marehemu mumewe wimbo mmoja, naye anatupitishia soda kidirishani. Mwaka huu alikuwa amesimama nje kabisa, kwenye gauni lake la kanisani, na ndoo ya barafu miguuni. Alishika chupa mbili, moja kila mkono, zinamchuruzikia maji. Tulimkaribia. Nikaitazama fimbo ya Maestro, maana isiposhuka bendi haisimami.

Fimbo haikushuka. Maestro alipita akitazama mbele, wala hakuharakisha. Mimi nikapita na klarineti mdomoni, siwezi hata kusema jina lake, na aibu ikanishika kana kwamba ni mimi niliyeandika. Aling Sepa ndiye aliyegeuza kichwa.

"Ingia ndani, Nening," akasema. "Jua kali."

Alilisema kama unavyomwambia mpita njia.

Alasiri nilikwenda dukani kama kawaida yangu. Nikasimama kwenye wavu, nikasubiri ule mkono. Kahawa yangu ilikuwa inaning'inia palepale pa siku zote, karibu na bega lake.

"Nening, ni mimi. Belen."

"Nakuona."

Aliangalia chini. Akajipangusa mikono kwenye gauni, ingawa ilikuwa mikavu.

"Unataka nini?" akaniuliza.

Nikamtajia. Kahawa pakiti moja, na sabuni kipande kimoja.