Pete Iliyogeuka Nyeupe

Jilala alikuwa fundi wa kila asichosomea. Mwaka ule sabuni ilipoadimika madukani, alipika yake uani, ikatakatisha nguo na kubabua mikono ya nusu ya kijiji. Mkewe, Scolastika, alicheka mpaka machozi. Alimpenda hivyo hivyo, na ufundi wake wa kuungaunga.

Lakini Jilala alipoanza kuchoma dhahabu jikoni, kicheko kilikauka. Wachimbaji wa upande wa Geita walimletea madonge ya dhahabu iliyoshikana na zebaki. Yeye huweka donge kwenye kikaango motoni, zebaki ikapaa kama moshi, dhahabu ikabaki. Akimaliza hugida kibuyu cha maziwa, maana Msukuma gani hajui kwamba maziwa hukata sumu?

"Moshi wenyewe haunuki," alisema. "Kisichonuka kina ubaya gani?"

Scolastika alikuwa na mimba yake ya kwanza, iliyokuja watu wakiwa wameshachoka kumuuliza. Vidole vilimvimba, kwa hiyo pete yake ya ndoa, ya dhahabu, aliitundika kwenye msumari, ukutani pale jikoni. Asubuhi moja akaikuta imekuwa nyeupe kama bati. Aliisugua kwa jivu, wapi! Hofu ikamshika hasa.

Akampelekea mumewe. "Hii haijagusa kikaango chako. Moshi wa zebaki umeifuata ukutani."

"Basi nitaongeza maziwa."

"Maziwa unakunywa wewe. Huyu wa tumboni ananyweshwa na nani?"

Jilala aliinuka, akakichukua kikaango. Siku ile ile alikifukia kikaango mbali na kisima, akawaambia wachimbaji fundi amestaafu, akabomoa jiko na kujenga jingine. Akarudia sabuni yake. Scolastika alifurahi, ila usiku aliendelea kujipapasa tumbo, akingoja mtoto acheze.

Msichana alizaliwa msimu wa kuvuna pamba, kilio chake kikasikika hadi zizini. Mama yake alimkagua kidole kwa kidole, hakuona kasoro, akalia kwa furaha.

Kwa desturi yao mtoto huchukua jina la mambo yaliyotokea akiwa njiani. Jilala, huku akitabasamu, akataja Lyochi, yaani moshi.

"Ataitwa Mhola," Scolastika akasema, yaani salama. "Lyochi tulimtoa nje, Baba Mhola. Mimi nimwite kila siku arudi ndani?"