Wambua Apigia Gunia Goti

Siku hizi Wambua Muasya hakurupuki kitandani. Kunapambazuka, naye anageukia ubavu taratibu, anashusha miguu, anajisukuma kwa mkono mpaka anaketi. Mkewe, Mukonyo, ameshamtilia maji ya moto kwenye chupa na kuifunga kwa kitambaa kizito. Anaiegemeza kiunoni, anafumba macho.

"Hapo hapo," anasema. "Hapo ndipo paliponitoa machozi."

Ni mwaka 1957, katika chumba kimoja mtaani Majengo, Thika. Kwa miaka minane Wambua amekuwa mpagazi kwenye ghala la kahawa inayoletwa kutoka mashamba ya Ruiru. Gunia moja lina uzito wa ratili mia na thelathini hivi, karibu kilo sitini.

Wapagazi wa ghala hilo wana sheria ambayo haijaandikwa popote: mwanamume huinama, hunyakua, hutupa begani. Anayepigia gunia goti amejifanya mwanamke, na atasikia habari hiyo mpaka ahame mji.

Mwezi wa nne Wambua alinyakua gunia akiwa amejipinda. Kiuno kikashtuka. Akamaliza zamu hivyo hivyo. "Ujinga gani ule!" anajicheka sasa.

Akaomba ruhusa, akalala siku tatu bila kuinuka. Mgongo ukazidi kukaza. Lakini kilichomuuma kuliko mgongo ni bintiye, Kanini, wa miaka miwili. Mtoto huyo alizoea kumkimbilia mlangoni, mikono juu, abebwe. Kila jioni baba alimwambia, "Kesho." Wiki ya pili Kanini akaacha kukimbia.

"Alinitazama tu, halafu akaenda kwa mamake. Niliumia, ndugu yangu, usiniulize," ananiambia.

Akaenda kwa dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati. "Aliniuliza kama miguu inakufa ganzi, nikasema hapana. Akasema ni misuli tu. Nisishinde kitandani, nitembee polepole, nikande kwa joto."

Basi kila asubuhi akawa anatembea mpaka daraja la mto Chania na kurudi. Akilala, alilalia ubavu, blanketi limekunjwa katikati ya magoti. Maumivu yakaanza kulegea.

Asubuhi moja, akipumzika karibu na mfereji wa maji wa mtaa, alimwona mkewe akibeba maji. Mukonyo alichuchumaa, akalivuta debe mpaka likamgusa mgongo, akapitisha ukanda wa kulibebea utosini, akainuka kwa nguvu za miguu. Kiuno hakikupinda hata kidogo. Wambua alikuwa ameona jambo hilo mara elfu, na hakuwahi kulitazama.

"Mama Kanini, nani alikufundisha hivyo?"

"Kufundishwa nini? Wewe ulidhani maji hujipandisha mgongoni yenyewe?"

Aliporudi kazini alipiga goti moja, akalivutia gunia pajani, akalikumbatia kifuani, akainuka. Ghala zima likaangua kicheko.

"Wambua, umeokoka lini?" akapaza sauti Jeconia, mpagazi mwenye mdomo kuliko wote. "Tuimbie basi!"

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema Wambua. "Nikamkumbuka mtoto. Nikapiga goti tena."

Sasa ni miezi miwili, na kicheko kimepungua. Juzi Jeconia alibisha hodi hapa, mkono kiunoni, akauliza kwa sauti ya chini ile chupa hutiwa maji ya moto kiasi gani. Mukonyo alicheka mpaka akaketi chini. Wambua anapanga kumwomba msimamizi magunia yainuliwe na watu wawili wawili, na Jeconia ameahidi kwenda naye.

Jioni, Wambua anarudi na kupiga goti mlangoni. Kanini anamtazama kwanza. Anakuja kwa hatua fupi fupi, anamshika shingo. Baba anamkumbatia kifuani, anainuka naye polepole, kwa miguu.

"Bado hajaanza kunikimbilia kama zamani," anasema, akiwa bado amembeba. "Simlaumu, nilimwambia kesho nyingi mno. Hiyo kesho nitapiga goti hapa tena."